Milimita Mbili

Kufuli la fundi lifti lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo hauazimwi. Kanuni hii haikutungwa na bosi aliyekaa kwenye kiyoyozi. Imetokana na vidole vya mafundi vilivyobaki ndani ya mashine. Fundi akizima swichi kuu ili aingize mikono kwenye mota, huifunga swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, na hakuna mtu mwingine, hata mwenye kampuni, anayeruhusiwa kulifungua. Aliyefunga ndiye anayefungua. Ukikutana na fundi lifti mtu mzima ambaye bado ana vidole vyote kumi, jua kwamba kanuni hiyo anaiheshimu kuliko anavyowaheshimu wakwe zake.

Fundi tunayemzungumzia alikuwa na vidole vyote kumi na miaka ishirini na sita kazini. Alikaa ghorofa ya saba ya jengo la ghorofa nane lenye lifti moja, na wapangaji wenzake walimwita Milimita. Walimbandika jina hilo kwa sababu ukimwomba akupigie msumari wa kuning'inizia picha, alikuja na rula, penseli na pima maji, na kazi ya dakika tano ikala asubuhi nzima. Jina hakulichukia. Mkewe alimwita Fundi tu, tangu walipokutana. Siku hiyo mwanamke huyo alikuwa amekwama kwenye lifti ya hospitali pamoja na muuguzi aliyekuwa analia, na mtu asiyemwona akamwambia kutoka nje ya mlango, kwa sauti ya kuagiza chai, kwamba watatoka baada ya dakika kumi na moja. Walitoka baada ya dakika kumi na moja. Aliwasimulia mashoga zake miaka yote kwamba hicho ndicho alichokipenda, maana sura yenyewe ilikuwa ya kawaida.

Lifti ya jengo lao ilikuwa mikononi mwake pia, kwa kuwa kampuni iliona ni rahisi kumpa jengo analolala. Kila mwezi alipanda mpaka chumba cha mashine kilichoko kwenye paa, akazima, akafunga, akakagua. Na kila mwezi alipima pedi za breki, vile vipande viwili vinavyobana gurudumu la mota ili lifti isimame na itulie. Pedi mpya ina unene wa milimita nane. Ikifika tatu inatolewa. Zilipokuwa nne aliandika ripoti, na msimamizi wa jengo akasema zimeagizwa. Zilipokuwa tatu aliandika nyingine, kwa wino mwekundu, na msimamizi akasema zimeshaagizwa. Mwezi uliofuata, Jumatatu asubuhi, zilikuwa mbili.

Watu wengi hudhani lifti huua kwa kukatika kamba. Kamba za chuma ziko tano, na hata moja peke yake ingebeba mzigo wote. Lifti huua kwa breki. Inasimama vizuri, mlango unafunguka, mtu anatia mguu mmoja ndani, breki inateleza na chumba kinaondoka huku mguu mwingine uko nje. Fundi aliwahi kuitwa kwenye jengo moja la ofisi, mwaka wake wa nne kazini, akakuta jambo hilo limekwisha kutokea kwa mama mmoja mhasibu. Alichokiona hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe, na hapa hakitasimuliwa.

Basi Jumatatu hiyo hakuifungua tena swichi. Aliliacha kufuli lake palepale, akaning'iniza kibao chekundu cha HATARI, USIWASHE, akashuka kwa miguu ghorofa zote kumtafuta msimamizi.

Msimamizi alikuwa mtu mnene mwenye ucheshi mwingi, na ukimuuliza jambo lolote alianza kwa kukushika bega.

"Kaka yangu, wewe si unakaa humuhumu? Unajichimbia shimo mwenyewe."

"Leteni pedi. Nitafungua siku hiyohiyo."

"Zimeagizwa."

"Ziliagizwa tangu zikiwa nne."

"Sawa. Zikawa tatu, lifti ikatembea. Zikawa mbili na nusu, ikatembea. Ilianguka?"

"Haikuanguka."

"Basi," akasema msimamizi, akaliachia bega.

Wiki ya kwanza wapangaji walipanda ngazi kwa utani. Walisema hatimaye watapungua vitambi. Wiki ya pili utani uliisha. Mama wa ghorofa ya sita alipandisha mtungi wa gesi kwa mikono yake, na kila alipofika kwenye kona ya ngazi alimtukana Milimita kwa sauti ili walio ndani wasikie. Mtu mwingine aliandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango wa lifti: MILIMITA, SHUSHA ROHO. Mwalimu wa ghorofa ya tano, mtu mpole, alimngoja Fundi kwenye ngazi akamuuliza kistaarabu kama haiwezekani kufungua saa za asubuhi tu, watu wanapokwenda kazini. Fundi akamjibu kwamba breki haijui saa. Mwalimu akasema ameelewa, akapanda zake akihema, na tangu siku hiyo salamu zake zikawa fupi.

Hayo yote Fundi angeyavumilia. Alikuwa amezoea kuchukiwa na watu wenye haraka. Jambo lililomkaa kooni lilikuwa nyumbani kwake, chumba cha nyuma chenye dirisha, alikolala baba mkwe wake.

Mzee alihamia kwao alipofiwa na mkewe. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, mtu wa maneno machache na suruali zilizonyooka. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ilivimba ikawa haiingii viatuni, na kila baada ya Alhamisi mbili alitakiwa kliniki kupimwa na kubadilishiwa dozi. Alikuwa na starehe moja tu iliyobaki. Kila saa kumi alasiri alishuka kwa lifti, akakaa kwenye kiti chake nje ya duka lililoko chini ya jengo, akacheza drafti na wazee wenzake mpaka jua lilipopoa. Kufuli lilipowekwa, starehe hiyo ilikwisha. Ngazi za ghorofa saba hakuziweza, hata za ghorofa moja.

Alhamisi ya kwanza Fundi alimbeba. Kumbeba mkwe mgongoni si jambo dogo. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akimwamkia kwa kuinama kidogo, na hawakuwahi kukaa kiti kimoja. Sasa mapaja ya mzee yalikuwa mikononi mwake na pumzi yake shingoni. Wote wawili walitazama ukutani njia nzima. Walipofika ghorofa ya nne Fundi alisimama apumzike, na mzee akasema, "Samahani." Fundi akasema, "Hapana, baba." Wakati wa kurudi mwalimu alisaidia, wakabadilishana, na bado ilichukua saa nzima. Mzee alipofikishwa kitandani aliugeukia ukuta.

Jioni hiyo Fundi alimpelekea chai, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya mkewe. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi nimeshona maisha yangu yote. Kila kipimo kina pindo. Mteja akinenepa, unaachia kidogo. Fundi asiyeacha pindo bado ni mwanafunzi."

"Pindo lilikuwepo, baba. Zile tatu ndizo pindo lenyewe. Tulishaliachia."

Mzee aliitazama chai, hakuinywa. "Basi nguo imekwisha," akasema.

Fundi alitoka akidhani wameelewana. Baadaye, akiwa sebuleni, alimsikia mzee akimwambia binti yake, kwa sauti ambayo hakujisumbua kuipunguza, "Mume wako amenifungia kama kuku."

Alhamisi ya pili mzee alikataa kwenda. Alisema hatapandishwa tena ngazi kama gunia la mkaa mbele za watu. Binti yake alimbembeleza, akalia, akakasirika. Mzee akavuta shuka. Ikabidi mkewe Fundi aende kliniki peke yake na daftari la mgonjwa. Huko wakamwambia dawa haziandikwi kwa daftari, alete mgonjwa mwenyewe, maana dozi hii inapimwa kwa uzito na kwa damu. Akarudi mikono mitupu na akapanda ghorofa saba. Fundi alimkuta ameketi jikoni bila kuvua viatu.

"Fungua mara moja tu," akamwambia. "Kesho asubuhi. Wewe uwe juu kwenye mashine, mimi na baba ndani. Tushuke, tupande, ufunge."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikifungua mara moja kwa ajili ya baba, kesho kutwa mama wa gesi atasema na yeye ana mgonjwa. Na siku hiyo akitia mguu..."

"Sijakuuliza habari za mama wa gesi. Nakuuliza habari za baba yangu. Wewe si ndiye fundi? Lifti hii unaijua kuliko mtu yeyote. Unaogopa nini?"

"Naogopa kwa sababu naijua."

Kwenye ndoa yao hawakuwa watu wa kugombana. Walikuwa wakikasirikiana kimyakimya halafu mmoja anachemsha chai. Usiku huo hakuna aliyechemsha chai. Fundi alilala akiwa ameikunja mikono kifuani, akiwaza kupeleka barua nyingine kwa kampuni, na asubuhi akaipeleka, na kampuni ikamjibu kwamba pedi zimeagizwa. Hapa msimuliaji ana neno. Kuna watu wakisikia habari hii husema Fundi alikuwa na moyo wa jiwe. Si kweli hata kidogo. Mtu wa moyo wa jiwe angelala usingizi. Huyu alikuwa akiamka alfajiri kwenda kusikiliza mlangoni kama mkwe wake anapumua.

Jumamosi ya wiki ya tano, saa sita mchana, pumzi ikawa haimtoshi tena mzee. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Mkewe Fundi alikuwa ameshapiga simu, teksi ilikuwa njiani. Hakupiga kelele. Alimshika mumewe mkono akasema neno moja, "Fungua." Na Fundi, bila kubisha, aliuchukua ufunguo kwenye ndoano yake akapanda ngazi mbili mbili hadi paani.

Nia yake ilikuwa kufungua. Hilo lazima lijulikane, maana mkewe haliamini mpaka leo. Aliutia ufunguo kwenye kufuli, na mkono ulikuwa umeshaanza kuuzungusha, alipojiwa na wazo kwamba labda alikosea. Labda Jumatatu ile alikishika kipimo vibaya, labda kulikuwa na vumbi kwenye meno ya kipimo, labda pedi zilikuwa mbili na robo tatu akasoma mbili. Kama ni mbili na robo tatu angeweza kuishi nalo. Mtu mwingine angefungua, au angekataa. Yeye alipima.

Alifungua boliti nne za kifuniko cha breki. Akapima pedi ya kushoto, akapima ya kulia. Akafuta kipimo kwa ukingo wa shati akapima tena. Alitamani kwa moyo wake wote kuona namba nyingine. Ya kushoto ilikuwa mbili. Ya kulia haikufika mbili. Akapima mara ya tatu. Kisha akazirudisha boliti zote nne, moja baada ya nyingine, akazikaza inavyotakiwa, kwa sababu breki haiachwi wazi, na mikono yake ilikuwa imezoea hivyo miaka ishirini na sita wala haikungoja kuulizwa. Akautoa ufunguo. Kufuli lilibaki limefungwa.

Zilikuwa dakika tisa. Zinajulikana kwa sababu mkewe alikuwa akitazama saa ya ukutani.

Fundi alirudi chini, akageuza mgongo mbele ya kitanda akachuchumaa. "Mpandishe," akasema. Mkewe alimpandisha baba yake, akachukua mfuko wa daftari na shuka, wakaanza ngazi. Fundi alishuka haraka kuliko alivyowahi kushuka. Ghorofa ya sita mama wa gesi alitoka akajibana ukutani kuwapisha. Ghorofa ya tano mwalimu alifungua mlango, akaja nyuma yao. Ghorofa ya nne mzigo ukabadilika. Mtu aliye hai akibebwa hujishika. Hujishika hata akiwa amelala, hukusaidia pasipo yeye kujua. Mzee aliacha kusaidia. Mikono yake ilishuka ikawa inampigapiga Fundi kifuani kwa kila ngazi. Fundi alijua palepale. Lakini nyuma yake mkewe alikuwa akisema, "Haraka, haraka," na yeye akaenda haraka, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, mpaka kwenye teksi.

Hospitalini daktari alisema ile kauli ambayo madaktari wangepaswa kupigwa marufuku kuisema, kwamba laiti wangemuwahi kidogo.

Mazishi yalipita. Watu walikuja, walikula, waliondoka, na wote walipanda na kushuka kwa ngazi huku wakimtazama Fundi kwa pembe ya jicho. Siku ya nne nyumba ilipokuwa tupu, mkewe alikuja akakaa mbele yake mezani.

"Kule juu, muda wote ule, ulikuwa unafanya nini?"

Angeweza kusema ufunguo ulikwama. Kufuli lenyewe lilikuwa la zamani na mkewe angetaka kuliamini.

"Nilikuwa napima," akasema.

"Ulikuwa unapima."

"Ndiyo."

"Zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Moja haikufika."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akainuka, akaenda kukunja nguo za baba yake. Tangu siku hiyo hakumwita Fundi tena. Hakumwita chochote, akihitaji kumwambia jambo alianza kusema tu.

Wapangaji nao walikuwa wameandika barua, na sahihi zilijaa kurasa mbili. Hata mwalimu alitia yake, ingawa alikuja kuomba radhi kabla ya kutia. Kampuni ilijibu upesi, upesi ambao pedi hazikuwahi kuupata. Fundi aliisoma barua ya kuachishwa kazi akiwa amesimama kwenye korido. Ilisema ameonyesha mwenendo usio wa kitaalamu, amekosa utu, na amelitia doa jina la kampuni. Alirudia maneno "usio wa kitaalamu" mara kadhaa kwa sauti ndogo. Halafu akaitoboa barua matundu mawili na kuiweka kwenye jalada pamoja na ripoti za pedi, kwa kufuata tarehe.

Fundi mpya alikuja na mashine ya kukatia vyuma. Cheche ziliruka dakika moja hivi, na kufuli likaanguka sakafuni vipande viwili. Ni jambo ambalo fundi hamfanyii fundi mwenzake, na kijana alilijua, maana alipokutana na Milimita kwenye ngazi aliinamisha macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebadilisha pedi?"

"Nimekaza springi. Zinabana vizuri sasa."

"Springi ikikazwa, pedi itaisha upesi zaidi."

"Najua, mzee." Kijana alihamisha begi la vifaa kutoka bega hili kwenda lile. "Wamesema iwake leo, kama siwezi wamtafute anayeweza. Sisi sote tunakujua wewe ni nani. Lakini na mimi nina watu nyumbani."

Alipita, na Fundi akampisha. Hakumchukia. Alitamani kumchukia, ingekuwa nafuu.

Lifti iliwaka siku hiyo. Watoto waliipanda na kuishuka mpaka wakafukuzwa. Msimamizi aliweka ndani yake cheti cha usalama chenye mhuri, kwenye fremu ya kioo, akamshika kila aliyeingia bega. Fundi aliandika kwa ofisi ya ukaguzi, akaambatanisha vipimo vyote, na baada ya wiki tatu akapata jibu la mistari miwili: lifti imethibitishwa na fundi mwenye kibali, na yeye kwa sasa hana kibali. Akaenda mwenyewe. Karani akampokea vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amepata mtu wa kuzungumza naye tangu msiba. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kumwonyesha kitu mtu aliyekwisha kugonga mhuri.

Ikabaki kuitazama tu. Na Fundi aliitazama. Breki ikianza kuchoka, lifti haisimami sawa na sakafu, inapitiliza. Mwezi wa kwanza ilipitiliza nusu kidole. Mwezi wa pili, kidole. Watu walijikwaa kidogo wakitoka, wakacheka, wakazoea, na mguu wa kila mtu katika jengo lile ukajifunza wenyewe kuinuka. Fundi alisimama chini mlangoni akiwaambia waingie kwa hatua moja, wasisite, wasisimame mguu ndani mguu nje kupiga soga. Walimjibu, "Haya, Milimita," kwa ile sauti ambayo watu humjibia mlevi.

Mkewe aliipanda tangu siku ya kwanza. Fundi alimsihi.

"Twende kwa ngazi. Nakuomba."

"Baba alikwenda kwa ngazi," akasema, akabonyeza namba saba.

Kwa hiyo Fundi alianza kupanda naye, yeye akiwa kwenye ngazi. Mkewe akiingia kwenye lifti, yeye hukimbia. Lifti ilikuwa ya zamani, ya polepole, na ilisimama huku na huko kuwapakia na kuwashusha watu, hivyo mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye mapafu mazima angeweza kwenda nayo sambamba. Kila ghorofa alifika kwenye korido, akasikiliza kamba zikipita nyuma ya mlango, akangoja kama itasimama, akaendelea. Angefanya nini kama ingetokea, hakujua. Hakuwa na ufunguo wala kufuli, na mkono wa mtu hauzuii chuma cha kilo mia nane. Wapangaji walimzoea. Watoto walishindana naye.

Siku moja ya mwezi wa tatu mkewe alitoka sokoni na mifuko miwili. Lifti ilikaa muda ghorofa ya nne, mtu akishusha magodoro, na Fundi akaitangulia. Alifika ghorofa ya saba wa kwanza, akaegemea ukuta ulio mbele ya mlango, moyo ukimpiga masikioni. Lifti ikapanda. Ikasimama. Mlango ukafunguka, na sakafu yake ilikuwa imeipita ya korido kwa vidole vitatu.

Mkewe alishusha mguu wa kulia akakanyaga nje. Hapo mkono wa mfuko mmoja ukakatika. Viazi viwili vikaanguka ndani, naye akageuka kuviangalia, akasimama hivyo, mguu mmoja kwenye korido na mwingine kwenye lifti, akiinama taratibu ili asimwage vilivyobaki. Fundi aliisikia breki juu ya paa ikikoroma. Chumba kikatetemeka. Kikapanda unene wa ukucha. Alitaka kumwita, lakini kwa kuwa naye alikuwa hajamwita kwa muda mrefu, hakujua amwite nani.

Breki ikashika. Mkewe aliokota viazi, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Fundi alingoja nafuu imjie. Ilikuja, lakini haikuja ya kwanza. Kabla yake kilipita kitu kingine, kifupi, ambacho alikitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutambua vitu vidogo. Alikuwa amesikitika. Kwa muda usiozidi kupepesa jicho, alipoiona lifti imetulia na mkewe yuko mzima na viazi vyake mkononi, moyo wake ulishuka kama wa mtu aliyenyimwa haki yake.

Akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, akiutazama uso wake, uso alioishi nao nusu ya maisha yake na ambao haukuwahi kumficha jambo.

"Pole," akamwambia kwa upole, bila hasira yoyote. "Labda kesho."

Akapita na mifuko yake, akaingia ndani. Fundi alifungua mdomo ili akane, na hakuweza, kwa sababu ilikuwa kweli.